Kusimulia kisa bila maneno: tujifunze nini kwa wachezaji wa Bara Hindi?

Mwalimu wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wa skuli hapa Mjini wanatayarisha mchezo usio na maneno, utakaochezwa uani usiku. Nimekulia kwenye filamu za Kihindi, na marehemu bibi yangu, ambaye hakujua neno hata moja la lugha ile, alilia palipostahili kulia. Kwa hivyo sina shaka kwamba kisa hufika bila maneno. Hata hivyo, mwaka jana watoto walirusharusha mikono tu, na mzazi mmoja akaniuliza kwa adabu kama yule mwari alikuwa akiswali au akifukuza mbu. Wachezaji wa ngoma za jadi za Kihindi hufanyaje hata wakaeleweka, na jukwaa lao hupangwaje?

Bi Malindi
Waalaykum salaam, Mwalimu. Filamu usizifuate katika hili, kwa sababu kamera humsogezea mtazamaji uso wa mchezaji, nawe uani huna kamera. Nilisoma Kerala, kusini mwa India, miaka kadhaa, na huko nilikesha zaidi ya mara moja nikitazama Kathakali, mchezo wa jadi wa huko unaosimulia visa kwa mikono na uso. Mbele ya jukwaa husimamishwa taa moja kubwa ya shaba inayowaka kwa mafuta ya nazi, na utambi mnene huelekezwa kwa mchezaji. Yeye husogea karibu nayo anapotaka uso usomeke. Rangi zote zimefikiriwa kwa ajili ya mwanga huo. Uso wa kijani ni wa shujaa au mtu mwema, ndevu nyekundu ni za mtu katili, na ukingo mweupe wa unga wa mchele huzungushwa kwenye taya mchezaji akiwa amelala chali, kazi ya saa nyingi ambayo wengine huipitisha kwa usingizi. Hata weupe wa macho hugeuzwa kuwa mwekundu, kwa kutia chini ya kope chembe ya ua la mmea wa jamii ya mbilingani.

Kisa nisichokisahau ni cha Putana, jini wa kike aliyetumwa na mfalme Kamsa kumuua Krishna, mungu wa Kihindu, angali mchanga. Hujigeuza mwanamke mzuri, akajipaka sumu kifuani, akampakata mtoto amnyonyeshe. Mchezaji hatamki neno, kwani maneno ni ya waimbaji walio nyuma yake. Mkono unabembeleza huku macho yakiibia mlangoni. Kisha mtoto anavuta maziwa, anavuta na roho, na ule uso mtamu unakunjamana taratibu mpaka unamwona jini mwenyewe.

Mtu wa Wete
Bi Malindi amesema kweli, ila asije Mwalimu akadhani kila ngoma ya Kihindi hupakwa kijani. Katika Bharatanatyam, ngoma ya Watamil iliyotoka mahekaluni na ambayo mchezaji Rukmini Devi aliifungulia chuo mjini Madras (Chennai ya leo) mwaka 1936, uso hubaki wa kibinadamu wenye wanja mzito, na ncha za vidole hutiwa wekundu ili mkono uonekane kwa mbali. Hina tunayo, jambo hilo halitusumbui. Kosa la wanafunzi wako, nadhani, ni macho: kanuni ya kale yataka mkono unapokwenda, jicho liufuate. Mchezaji mmoja huwa mama na mwana kwa zamu. Akiwa mama hutazama chini upande mmoja, akiwa mwana hutazama juu upande wa pili, na akikosea kimo cha jicho, mtoto hurefuka ghafla. Wafunge njuga pia, maana mguu unaosikika humzuia mtoto kukurupuka.

Mwalimu wa Mkunazini
Shukran nyingi. Tutacheza Sungura na Simba, na nimekwishaanza na macho: leo Sungura alitazama juu kila alipomjibu Simba, na darasa zima likageuka kumtafuta. Bi Malindi, simba wangu nimtokezeje?

Bi Malindi
Kwa pazia. Kathakali hutumia kitambaa kinachoshikwa na watu wawili, na mhusika mkali hujidhihirisha kidogo kidogo kwa juu, taji kwanza, kisha macho, huku ngoma zikipigwa. Shuka moja na watoto wawili warefu wanatosha. Na kandili iwe mbele, si juu.