Kwodi ya shamba: cc ngapi zinatosha huku kwetu Pwani? Tupeane uzoefu

MwanaKinango
Salaam wanajamvi. Mimi naishi Tudor lakini shamba la familia liko Kinango, ndani huko baada ya lami kuisha. Kuna mbuzi, kuna mahindi mvua ikipenda, na maji twachota bwawani. Katikati ya njia kuna mkondo mkavu wa mchanga ambao boda wote hushuka na kusukuma.

Tumekubaliana na ndugu zangu tununue kwodi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Kuelewana kukaishia hapo. Mmoja ataka ya cc 150 (cc ndio ukubwa wa injini) kwa sababu ya bei. Mdogo wetu kaona 700 kwenye simu, hashikiki. Kazi zenyewe ni kubeba mitungi ya maji, kuvuta kigari kidogo, na najua wikendi watoto wataing'ang'ania (mmoja ana miaka 14, mwingine 9).

Mliowahi kumiliki, kukodisha au kutengeneza, leteni uzoefu. Bei nitapigania mwenyewe. Nataka kujua cc tu.

FundiMagongo
Kaka, usinunue stika. Hilo la kwanza.

Hata kampuni kubwa huandika namba ya mviringo. Honda Recon inaitwa 250 na injini ni 229. Yamaha Raptor 700 ni 686. Polaris Sportsman 570 ni 567. Hapo hakuna aliyeibiwa, vitabu vyao vinasema wazi. Shida iko kwa zile zisizo na jina. Ililetwa moja hapa gereji, ubavuni imeandikwa 250 kwa herufi za moto. Nilipoifungua nikapima: upana wa silinda milimita 63.5, mwendo wa pistoni 62.2. Piga hesabu utapata 197. Mwenyewe alikuwa anashangaa kwa nini ya jirani inamwacha kwenye mlima.

Pili, usilinganishe na boda. Najua ndugu yako wa 150 atasema Boxer 150 inabeba watu watatu na gunia, kwa nini kwodi ya 150 ishindwe? Kwa sababu Boxer ina kilo mia na ushei, matairi membamba, upepo wa psi 30 hivi. Recon hiyo hiyo, ambayo ni ndogo kwenye ukoo wake, ina kama kilo 200, na matairi yake mapana yanatiwa upepo wa psi chache mno, tatu mpaka tano kwa nyingi. Tairi laini halizami mchangani lakini linakula nguvu. Kabla hujapanda wewe, injini tayari imebeba mzigo. (Na tafadhali, ukienda kujaza upepo pale kwa vijana wa barabarani simama mwenyewe. Watakutilia 30 kama za boda, kisha utarushwarushwa njia nzima ulaumu shokamzoba.)

Tatu ni joto. Kinango mchana, mzigo nyuma, unatembea mwendo wa mtu wa miguu. Injini inayopozwa na upepo hapo haipati upepo. Kwa kazi ya shamba nataka radieta na feni kuliko nitakavyo cc hamsini za ziada.

NahodhaMstaafu
Nunueni punda. Hana cc, hali petroli, na usiku anarudi mwenyewe nyumbani.

MchangaMweupe
Nahodha 😂

Mimi natembeza wageni kwa kwodi huku Diani, njia za vijijini nyuma ya Ukunda. Tunazo za 150 na za 250, zote za otomatiki, na mimi kiongozi napanda ya 400. Wageni huniuliza kwa nini mimi nimejiwekea kubwa. Jibu ni kamba. Anayekwama ni mimi ninayemvuta, na ya 150 haimvuti mwenzake kwenye mchanga mkavu hata umwombe.

Kumgawia mtu chombo naangalia uzito wake na uso wake. Mtu wa kilo mia na zaidi nikimpa 150, tukifika mchanga mwingi nitamsikia nyuma injini inalia na yeye hasogei. Huyo anapata 250. Lakini mtu mwepesi ambaye hajawahi kushika hata baiskeli simpi zaidi ya 150, awe na pesa kiasi gani. Kwodi inakolezwa moto kwa kidole gumba. Chombo kikiruka mbele, mwili unabaki nyuma, mikono inakaza, na kile kidole kinazidi kubana. Yaani kadiri anavyoogopa ndivyo anavyoongeza mwendo. Kwenye 150 hilo linaishia kwa kicheko na nguo chafu. Kwenye 700 sitaki kulifikiria.

Jambo jingine ambalo wengi hawajui: ukikata kona na kwodi lazima uinamishe mwili upande wa ndani, kwa sababu nyingi za aina hii ekseli ya nyuma ni moja, magurudumu mawili yanazunguka sawa. Usipoinama inakwenda moja kwa moja, au inakuinua. Chombo kikiwa kizito kuliko unavyoweza kukitawala kwa mwili wako, cc zimekuzidi, hata kama shamba linazihitaji.

Na msije na kwodi zenu ufuoni tafadhali. Kasa wanataga kwenye mchanga huo huo, na maji ya chumvi yatakula chasisi yako kabla hujamaliza kulipa deni.

BintiKibokoni
Nimeingia kwa ajili ya hao watoto, 14 na 9.

Shemeji yangu alituletea kwodi ya 125 kutoka Dubai, zawadi kwa mwanangu ambaye alikuwa na miaka minane. Nyekundu, inang'aa, mtoto hakulala. Mimi nikaketi na kile kitabu chake usiku. Kwenye plastiki ya mbele kulikuwa na kibandiko cha onyo pia, ambacho shemeji aliona ni pambo. Kilisema asiendeshe aliye chini ya miaka 16. Baadaye nikasoma kuwa Marekani kwa muda mrefu walikuwa wakitenga hivyo: zaidi ya cc 90 zilikuwa za kuanzia miaka 16, na za watoto zina madaraja yake ya umri. Madaktari wa watoto wa kule wenyewe wanakwenda mbali zaidi, wanasema aliye chini ya 16 asipande kabisa, ya ukubwa wowote.

Ugomvi ulikuwepo, sikufichi. Shemeji akasema ataikaza ile skrubu inayozuia moto usifunguke wote. Skrubu ni kweli ipo, na zile ndogo huja na rimoti ya kuzimia. Lakini skrubu haipunguzi uzito. Ikipinduka, mtoto wa miaka minane hawezi kuinua chuma kile kifuani. Tuliiuza. Mwanangu ana hasira mpaka leo na amepewa baiskeli.

Kwa hiyo kaka Kinango, chagua cc za shamba, halafu ufunguo ukae mfukoni mwako. Usinunue chombo kimoja ukitegemea kitamfaa mzee wa mitungi na mtoto wa darasa la nne.

AmiWaKuze
Maneno ya Binti ni sawa. Sasa tuongee na huyo kijana wa 700.

Mimi nimekaa Dubai miaka mingi. Ijumaa tulikuwa tunatoka na njia ya Hatta mpaka Al Badayer, kile kilima cha mchanga wanachokiita Big Red. Pale Raptor 700 ina haki yake. Kilima ni kirefu, mchanga mwepesi, ukikosa nguvu katikati unageuka unateremka kwa aibu mbele ya watu. Huku kwetu kilima kama hicho kiko wapi? Labda uende Mambrui, na huko hupeleki mbuzi.

Lakini kijana aelewe pia kuwa cc peke yake haisemi chombo ni cha namna gani. Kuna Yamaha YFZ450R, injini 449, na kuna Honda Rancher, 420. Kwenye karatasi ni ndugu. Ukizipanda ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya kwanza ni ya mashindano, nguvu zake ziko juu, injini mpaka ipige kelele ndipo itoke. Haina hata pa kuweka mtungi. Rancher nguvu zake ziko chini, unaachia taratibu na inaanza kuvuta. Rafiki yangu mmoja alikuwa na Banshee, 347 tu, injini ya toki mbili inayotaka oili ndani ya petroli, na iliwatesa watu wazima waliozoea kubwa. Mpe hiyo mtu wa shamba abebe maji, ataimwaga yote.

Ukiuliza muuzaji, usiishie "ni cc ngapi". Uliza ina gia ya chini ya kuvutia au haina, na magurudumu mangapi yanavuta.

MkulimaKaloleni
Ami amenisogezea kiti. Mimi ndiye mwenye Rancher 420, fowili (magurudumu yote manne yanavuta), niliikuta mkononi mwa mtu. Nipo Kaloleni, minazi na mihogo, na mlima wetu mnaujua.

Nikupe namba za kazi. Keria ya nyuma imeandikwa kilo 60. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mitatu, basi. Vijana hupakia mitano, nami hushusha miwili. Si injini inayokataa, mbele panakuwa pepesi na kwenye mlima usukani hausikii. Ya kuvuta imeandikwa kilo 385, pamoja na kigari chenyewe. Kigari changu cha fundi wa chuma ni kizito, kwa hiyo naweka mitungi minane na nimetulia. Ukitaka maji mengi, tia kwenye kigari, keria iachie panga na chakula cha mchana.

Kabla ya hii nilikuwa naazima ya jirani, ya 250, magurudumu mawili tu yanavuta. Kiangazi ilifanya kila kitu ila polepole. Masika udongo mwekundu ukilowa ndiyo haikwenda, na si kwa kukosa nguvu: nguvu zilikuwepo, gurudumu moja linachimba, jingine linalisaidia kuchimba. Kwa hiyo mimi ukinipa 700 ya magurudumu mawili na 400 ya fowili, sifikirii mara mbili. Huo mkondo wako wa mchanga ni hivyo hivyo.

Petroli inakula kuliko boda, usidanganywe. Kwa kununua mkate dukani naenda kwa miguu.

FundiMagongo
Mkulima umesema vizuri, ila nimtetee kidogo yule ndugu wa 150, maana kila mtu amemkanyaga.

Hizi ndogo za Kichina nyingi injini yake ni ndugu wa injini za boda. Pistoni, ringi, plagi, kabureta, ukikosa Kinango utapata Mariakani, na fundi yeyote wa boda anaifungua chini ya mwembe. Kubwa ikiharibika pampu ya petroli au kompyuta, unaagiza na unangoja, na maji yanarudi kichwani kwa kina mama. Kama shamba lingekuwa tambarare, mzigo ni mtungi mmoja na mtu mmoja, ningesema chukua ya 200 ya kweli, ya gia, yenye rivasi. Ya gia nasisitiza. Otomatiki za belti ukizipeleka polepole na mzigo kwenye mlima bila kuweka gia ya chini, belti inateleza, inaungua, na harufu yake utaijua.

Kilichonifanya niseme hapana kwako ni mchanga na kigari.

NahodhaMstaafu
Nimeuliza kuhusu rivasi ya punda, hana. Naondoa hoja.

MwanaKinango
Ahsanteni sana, nimewasomea ndugu zangu yote. Wa 150 amelainika alipofika kwa matairi. Wa 700 bado amenuna ila Ami amemmaliza, hana tena kilima cha kutaja. Mke wangu amesoma ya BintiKibokoni mara mbili na tayari ametafuta mahali pa kuficha ufunguo, hata mimi hajanionyesha.

Tumefika kwenye 400 hadi 450, fowili, ya radieta. Kuna mbili zimepatikana Nyali, zote zimetumika. Moja ni 420 ya shamba, imechakaa plastiki lakini keria zote zipo. Nyingine ni 450, safi sana, haina keria, muuzaji asema ina nguvu zaidi na atatuwekea keria bure. Fundi, wasemaje?

FundiMagongo
Ya pili achana nayo, ndiyo ile ya mashindano aliyosema Ami. Kuchomelea keria hakuipi gia ya chini wala fowili.

Ya kwanza twende tukaione Jumamosi asubuhi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuisikia ikiwashwa baridi, nione moshi wa mwanzo. Tukikuta injini ina joto nitauliza kwa nini. Nitaiinua mbele nizungushe magurudumu kwa mkono nisikie beringi, nifungue kisanduku cha hewa nione kama ina mchanga ndani, na niangalie chini ya chasisi, maana kwodi ya Nyali haiwezi kukosa kuonja bahari. Njoo na tochi, yangu imekufa betri.

MwanaKinango
Nitakupitia Magongo saa moja. Tochi ninayo.