Mwanaume akivaa sketi mjini Lubumbashi, mji una haki ya kumkataza?

Mwana wa Kamalondo
Jambo yenu. Jumamosi nilikuwa nimeketi mjini karibu na Posta. Akapita kijana amevaa sketi ya Waskoti, ile kilt ya mirabamiraba, soksi hadi magotini, kiatu kinang'aa, juu koti na tai. Anatembea polepole, hana haraka na mtu. Motari mmoja wa pikipiki almanusura aingie mtaroni kwa kumtazama. Watoto wanaouza maji wakamfuata na miluzi, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Polisi wa barabarani akamsimamisha, akamwuliza kitambulisho, akakosa la kumshtaki, akamwachia.
Naomba tujibu swali moja tu: mwanaume akiamua kuvaa hivyo siku ya kawaida, si harusi, si jukwaani, mji una haki ya kumkataza? Mimi nasema hauna.

Muzee wa Ruashi
Mwanaume ni suruali, basi. Leo mtaachia sketi, kesho rangi ya mdomo, keshokutwa atadai yeye ndiye atolewe mahari. Haya yote yalianza siku wanawake walipovaa pantalo na sisi tukanyamaza, tena pesa ya hizo pantalo na ya vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, inatoka mfukoni mwetu. Wakati wa Mobutu kulikuwa na heshima.

Kijana wa UNILU
Muzee, heshima yako, lakini kilt ni vazi la wanaume tangu enzi za Warumi. Na dunia inabadilika. Mwezi wa sita 2017 kulikuwa na joto kali Ulaya. Madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walikatazwa kaptula kazini, wakaja na sketi kwa sababu wanawake wenzao waliruhusiwa. Mwezi huohuo wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, wakafanya vilevile. Sisi hapa mwezi wa kumi jua linachoma lami na bado tunabanwa na suruali nyeusi.

Mama Vikwembe
Mfukoni mwenu? Muzee wa Ruashi, rudia hapo.
Mimi nauza vitenge. Wiki ya kwanza ya Machi wanaume wanakuja kwangu kwa unyenyekevu, "mama, nipe yadi 6, mwisho wa mwezi nitamaliza." Daftari langu bado lina majina ya Machi. Wanaolipa keshi ni wanawake, kwa pesa ya nyanya, ya makaa, ya unga. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shaba walipoagwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, nani aliweka bukari, yaani ugali, mezani mji huu? Suruali?

Mwana wa Likasi
Miye naona paka kintu moya. Munabishana ya bure. Ule kijana alivaa nini mu ndani? Upepo ya mwezi wa munane mu L'shi (Lubumbashi) munaiyua.

Mtumishi wa Bwana
Kumbukumbu la Torati 22:5. Mwanamke asivae ya mwanaume, mwanaume asivae ya mwanamke, ni machukizo. Nimemaliza.

Kijana wa UNILU
Hujamaliza, mtumishi. Sura hiyohiyo mstari wa 11 unakataza sufu na kitani katika nguo moja. Koti lako la Jumapili limeandikwa nini kwenye lebo? Na mstari wa 8 unaamuru ukijenga nyumba mpya uweke ukingo juu ya dari. Mabati yenu kanisani yana ukingo?

Mtumishi wa Bwana
Usiguse kanisa. Nilikusomesha Shule ya Jumapili au la, nakujua kwa maandishi yako. Watoto wa chuo mkijua mistari mitatu mnadhani mmeshakuwa maaskofu.

Katekista
Nijibu la Mwana wa Likasi kwa kuwa ndilo swali la maana hapa. Kutoka 28:42, makuhani waliamriwa wavae suruali za kitani za ndani, kutoka kiunoni mpaka mapajani, kufunika uchi. Maana yake juu walikuwa na kanzu inayopeperuka. Na padre wetu akivaa soutane, ile kanzu ndefu, nani anamwuliza suruali iko wapi? Wamisionari wa Afrika wenyewe, wale tuliowaita Mapadri Weupe, kanzu yao waliichukua kwa Waarabu wa Algeria, Kardinali Lavigerie alipoanzisha shirika mwaka 1868.

Wa Kasumbalesa
Nyinyi wa mjini mnashangaa nini? Njooni kwenye foleni ya malori mpakani alfajiri. Madereva wa Tanzania wamejifunga msuli, wanachemsha chai kando ya gurudumu. Wasomali na macawiis zao. Nguo ya kuzungusha kiunoni, haina miguu miwili, na wanaume hao wanapeleka tani 30 za shaba mpaka Dar es Salaam. Mpigie mmoja mluzi tuone.

Muzee wa Ruashi
Hao wako nyumbani kwao, lori ndiyo nyumba yao. Wakiingia ofisi ya forodha wanavaa suruali. Nimewaona.
Na wewe mama, sikusema wanawake hawafanyi kazi. Nilisema vitenge vya 8 Machi. Usinigeuzie maneno.

Mama Vikwembe
Ulisema na pantalo pia. Na ulisema Mobutu. Mama yangu alirudishwa nyumbani na vijana wa chama kwa sababu ya pantalo, katikati ya njia, watu wanacheka. Hiyo ndiyo heshima unayoililia?

Mwanasheria wa Kampemba
Turudi kwenye swali. Kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu kinahusu mtu anayeumiza haya hadharani kwa matendo. Magoti ya mwanaume si tendo. Polisi alikuwa na haki ya kuomba kitambulisho, basi. Mji hauna mamlaka ya kuchagua nguo, labda sare za kazi na za shule.

Muzee wa Ruashi
Mwanasheria, wewe ni wa mwisho kusema. Kila siku uko kortini na gauni jeusi mpaka kwenye viatu.

Mwanasheria wa Kampemba
Toga si gauni. Toga ni vazi la taaluma, linavaliwa juu ya suruali, lina historia, na siruhusu lifananishwe na mzaha. Nimeapa nikiwa nimeivaa.

Mwana wa Likasi
Huyu njo alikasirika kweli! Kumbe naye iko na jipe, sketi yake.

Fundi Katuba
Acheni kelele, mnazungumzia nguo ambayo hamjaishika. Mimi nimeshona moja, ya mteja wa harusi, na ilinitoa jasho.
Kilt ya kweli inakula yadi 8 za sufu nzito. Mbele ni bapa, hakuna rinda hata moja, pande mbili zinapandana. Marinda yote yako nyuma na ubavuni. Unayapima ili mirabaraba ya kitambaa ikutane tena juu ya kila rinda kana kwamba hukukunja kitu. Ukikosea la kwanza, la ishirini linakuaibisha mbele ya watu. Kuanzia kiunoni hadi nyonga unayashona kwa mkono, chini unayaachia yacheze. Zipu hakuna. Inafungwa kwa mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu, na pini kubwa mbele upande wa kulia. Sketi ya bluu ya mwanafunzi marinda yake ni ya pasi tu, mvua ikinyesha yamekwisha. Hii ukiinyanyua ni uzito wa blanketi.
Na kama mnataka marinda kweli, waulizeni Wagiriki wetu wa hapa mjini. Askari wa heshima wa Athene wanavaa fustanela ya marinda 400, wanasema ni mwaka mmoja rinda moja chini ya Waturuki. Bunduki mkononi. Nani atamwambia yule si mwanaume?

Mwalimu mstaafu
Fundi amesema vizuri. Nimsahihishe kijana wa UNILU: enzi za Warumi tuziache. Waskoti wa milimani walijifunga shuka moja kubwa, nusu kiunoni, nusu begani. Ile fupi ni ya karne ya 18. Inasimuliwa kwamba aliyeikata ni Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuru la kuyeyusha chuma huko milimani miaka ya 1720. Shuka kubwa ilikuwa inawasumbua wafanyakazi wake, akabakiza nusu ya chini. Waskoti wengi hawapendi kusikia hivyo, wanasema ilikuwepo kabla yake. Uasi wao uliposhindwa Culloden mwaka 1746, bunge la London likapiga marufuku mavazi yale: kosa la kwanza jela miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Waliosalimika ni askari wa mfalme tu. Marufuku ikaondolewa 1782, na kufikia 1822 mfalme George IV mwenyewe akaivaa alipotembelea Edinburgh.
Muzee wa Ruashi, wewe na mimi tulipitia jambo kama hilo. Tai na koti vilikatazwa na Mobutu, tukavaa abacost, ile suti ya bila tai, mpaka hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Mtu mwenye tai alitazamwa jinsi mnavyomtazama huyo kijana.

Kijana wa UNILU
Na ndiyo maana mwanamuziki Papa Wemba na wana-Sape, wale wapenda mavazi ya kifahari, wakaibuka na suti za Ulaya! Mpaka leo wana-Sape wa Brazzaville wanavaa kilt kwa ujasiri.

Wa Kasumbalesa
Sape ni ya watu wa Kinshasa na Brazzaville. Sisi L'shi tunafanya kazi.

Mwana wa Kamalondo
Lakini mwalimu amesema sasa hivi, kilt ilikatwa kwa ajili ya watu wa tanuru! Mji gani wa Kongo una tanuru na bomba la moshi kama sisi? Basi ni nguo ya kwetu kabisa.

Mwalimu mstaafu
Na Mskoti alikuwepo. Robert Williams wa Aberdeen, kampuni yake Tanganyika Concessions ilishiriki kuanzisha Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, mwaka 1906. Reli kutoka kusini ikafika hapa 1910.

Muzee wa Ruashi
Williams alikuja na suruali.
Na abacost ilikuwa vazi la heshima. Mimi yangu bado ipo kabatini, ina mikono mifupi, mfuko wa kalamu, imekaa wima. Msiifananishe na marinda.

Mwana Kasai wa komini ya Kenya
Mnakwenda mpaka Uskoti wakati Wakuba wa Kasai wako papa hapa Kongo. Mwanaume wa Kikuba siku ya sherehe anavaa sketi ya rafia, ndefu, imezungushwa mara kadhaa kiunoni, ukingoni ina vishada vidogo. Wanaume ndio wanaoisuka rafia, wanawake wanatia nakshi. Ukienda Mushenge kwa mfalme na suruali yako ya jinzi wewe ndiye utakayechekwa.

Wa Kasumbalesa
Hiyo mambo ya kwenu huko. Hapa ni Katanga.

Mwana Kasai wa komini ya Kenya
"Ya kwenu" ni wapi? Nimezaliwa hospitali ya Sendwe hapa mjini, nimesoma hapa, baba yangu amezikwa hapa.

Msimamizi
Wa Kasumbalesa, hapana. Sote tunajua maneno ya aina hiyo yalitufikisha wapi mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Nitafuta posti inayofuata ya namna hiyo bila kuuliza. Zungumzieni nguo.

Wa Kasumbalesa
Nilimaanisha desturi, sikumaanisha mtu. Ndugu, tuyaache.
Lakini mimi ndiye niliyetetea msuli hapo juu, sasa nimekuwa adui? Halafu Mkuba anavaa rafia siku ya sherehe. Kamalondo aliuliza siku ya kawaida.

Mtumishi wa Bwana
Sherehe za mizimu hizo.

Katekista
Mtumishi, vijana wa kanisa la Shembe huko Natal, Afrika Kusini, wanamchezea Mungu na kilt kiunoni, wameiga wanajeshi wa Uskoti, na kanisa hilo lina zaidi ya miaka 100. Lako lina umri gani?

Mtumishi wa Bwana
Umri wa kanisa si hoja. Mbona wewe Katekista unajua sana mambo ya sketi?

Mama Vikwembe
Bado nasubiri Muzee wa Ruashi anitajie kitenge kimoja cha 8 Machi alichokinunua kwa keshi. Kimoja. Rangi yake.

Muzee wa Ruashi
Cha bluu.

Mama Vikwembe
Mwaka gani?

Muzee wa Ruashi
Mama, mimi si karani. Mke wangu anajua.

Mama Vikwembe
Mwite basi aandike hapa.

Mwana wa Kamalondo
Jamani, swali. Mji una haki au hauna? Mpaka sasa aliyejibu ni mwanasheria peke yake, naye mmemfukuza kwa ajili ya toga.

Mwanasheria wa Kampemba
Sijafukuzwa. Nasubiri niombwe radhi.

Muzee wa Ruashi
Haki hauna, sawa. Sheria haimgusi. Lakini asije kumwomba binti yangu hivyo.

Kijana wa UNILU
Hayo ni mambo ya nyumbani kwako, muzee, mji haumo. Umekubali.

Muzee wa Ruashi
Sijakubali kitu. Nimesema sheria. Mji si sheria peke yake. Mji ni sisi tunaotazama, na macho yangu huwezi kuyapangia.

Mwana wa Likasi
Na mu mwezi wa sita asubui, na ile baridi ya kwetu, atavaa paka vile? Magoti yatalia.

Fundi Katuba
Sufu yadi 8 haipitishi baridi kirahisi, na soksi ni ndefu. Tangu jana nimeulizwa bei na watu ambao hapa hapa wanajifanya kutukana. Sitawataja. Kitambaa mje nacho, sufu ya kweli haipatikani sokoni kwetu, na kitenge sishoni kilt, kinalegea. Malipo nusu kabla ya kukata. Kwa mkopo sishoni, hasa wanaume wa Ruashi.

Muzee wa Ruashi
Fundi, wanaume wa Ruashi wamekufanyia nini?