Taa ya tangi la matumbawe la sentimita 120: mirija ya T5 au LED?

Mpemba wa Ruwi aliuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu,

Ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo limenishughulisha kwa wiki tatu sasa. Naishi Muscat, na sebuleni kwangu nina tangi la maji ya chumvi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 55, ambalo tangu mwaka jana limekuwa na mawe na samaki peke yake. Maji yametulia. Chumvi iko 35 kwa elfu, joto linabaki kati ya nyuzi 25 na 26 kwa kuwa nina mashine ya kupoozea maji, na amonia sijaiona kwa miezi mingi. Sasa nataka kuingiza matumbawe, nikianza na yale laini pamoja na yale yenye polipu kubwa (polipu ni vile vijinyama vyenye minyiri vinavyounda tumbawe), na baada ya mwaka au zaidi, Mungu akipenda, nijaribu Acropora, lile tumbawe gumu la matawi, juu kabisa ya mawe.

Kinachonikwamisha ni taa, kwa sababu niliyo nayo ni ile nyeupe iliyokuja na tangi, ambayo inatosha kuwaona samaki na si zaidi ya hapo. Kuna mtu mwaminifu anayeniuzia kwa bei nafuu fremu iliyotumika ya mirija minane ya T5, ile myembamba ya floresenti, kila mrija wati 54. Dukani nako wananishauri nichukue taa mbili za LED za wati 100 kila moja, ambazo kwa jumla zinagharimu karibu mara tatu ya ile fremu. Sielewi wati 200 zitawezaje kushindana na wati 432, wala sijui niangalie nini hasa kwenye boksi, kama ni wati, lumeni au hizo Kelvini 10,000 na 20,000 zinazotajwa kila mahali. Tena kila picha ninayoiona ina mwanga wa buluu tupu, na mama watoto ameshaniambia wazi kwamba hawezi kukaa katika sebule ya rangi hiyo kila jioni.

Nitashukuru kwa ye yote mwenye uzoefu.

Fundi wa Maji Chumvi alijibu:

Wa aleikum salaam ndugu yetu, na hongera kwa kuyapa maji muda wa kutulia kabla ya kufikiria matumbawe. Ninafuga matumbawe nikiwa Hamburg kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na nimetumia aina zote mbili unazozitaja, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Wati zinakuambia taa inakula umeme kiasi gani, lakini hazikuambii ni mwanga kiasi gani unafika pale tumbawe lilipokaa. Lumeni nazo zimepimwa kwa kufuata jicho la mwanadamu, ambalo huona kijani vizuri sana na buluu kwa shida, ilhali tumbawe halina haja na jicho letu. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno uitwao zuzanthela, ambao hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula anachohitaji, na mwani huo hunyonya mwanga zaidi katika eneo la buluu, takriban kati ya nanomita 420 na 480. Unaponunua taa ya matumbawe, ndugu yangu, unanunua chakula.

Chakula hicho hupimwa kwa kipimo kinachoitwa PAR, yaani wingi wa chembe za mwanga wa nanomita 400 hadi 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa kila sekunde, zikihesabiwa kwa mikromoli. Jua la saa sita mchana katika nchi za joto, bila wingu, hufika karibu 2,000 juu ya uso wa bahari. Katika tangi hatuhitaji hata robo ya hapo. Matumbawe laini na Discosoma, yale yenye umbo la uyoga, huridhika na 50 hadi 100, Euphyllia na jamaa zake wenye polipu kubwa hukaa vizuri kati ya 80 na 150, na Acropora unayoiota inataka 250 hadi 350. Kwa mpango wako, unahitaji taa itakayoweza kutoa 300 juu ya mawe na kubakiza 80 au 100 mchangani. Kelvini ni rangi tu, kwani 10,000 huonekana nyeupe yenye ubaridi na 20,000 huonekana buluu, na hazikuambii lo lote kuhusu wingi wa mwanga.

Sasa T5 au LED. Mirija ya T5 si taa duni hata kidogo. Niliitumia miaka kadhaa, na mpaka leo sijaona LED inayomwaga mwanga kwa usawa kama ule, kwa sababu mrija una urefu wa zaidi ya mita moja na mwanga wake huingia kila pembe, hivyo tawi la chini la tumbawe halikai gizani kwa kosa la tawi la juu. Lakini mirija huchoka kabla macho hayajatambua, na mtu makini hubadilisha yote kila baada ya miezi 9 hadi 12, kwa hiyo fremu ya bei nafuu inakuja na deni la mirija minane kila mwaka. Isitoshe, mirija ya aina hii ina zebaki. Umoja wa Ulaya uliondoa sokoni mirija ya T5 ya matumizi ya kawaida mwezi Agosti 2023, na nchi za Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zimekubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya taa za mirija za kawaida kufikia mwisho wa 2027. Mirija ya akwariamu ni ya matumizi maalumu, ila viwanda vinavyoitengeneza ni vilevile, na mimi nimeshaona hapa jinsi baadhi ya rangi zinavyozidi kuwa adimu.

Ningekuwa wewe, ningechukua LED mbili. Kila moja itahudumia eneo la takriban sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo ya kwanza ikae katikati ya nusu ya kushoto na ya pili katikati ya nusu ya kulia, zikining'inia sentimita 20 hadi 25 juu ya maji. Uliza kuhusu lenzi kabla ya kulipa. Lenzi nyembamba hukusanya mwanga kama tochi, na chini yake utapata 500 huku sentimita ishirini kando ukipata 90.

Hilo la lenzi nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017 nilishusha T5 na kupandisha LED siku moja ya Jumamosi, nikaiweka asilimia 80 kwa sababu machoni mwangu ilionekana hafifu kuliko niliyoitoa. Nilikuwa na tumbawe gumu aina ya Montipora, ya zambarau, niliyoikuza kutoka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba mpaka ikawa kama sahani ya chai. Jumatano ilikuwa imepauka katikati, duara kamili chini ya lenzi, huku ukingo uliojificha chini ya jiwe ukiwa bado na rangi yake yote. Jumapili iliyofuata lile duara lilikuwa mfupa mtupu, na wiki mbili baadaye mwani wa kijani ulikuwa umeota juu yake. Taa haikuwa na kosa. Nilikuwa nimepima buluu kwa macho, na macho hayana uwezo huo. Anza na asilimia 30, ongeza asilimia 5 kwa wiki, na tumbawe likionyesha kupauka rudi nyuma siku hiyo hiyo.

Mzamiaji wa Tanga alijibu:

Naunga mkono maelezo ya Fundi, na ninaongeza ninayoyaona baharini, kwa kuwa mimi sifugi ila nazamia kila msimu.

Ukishuka upande wa kisiwa cha Maziwe asubuhi maji yakiwa meupe, utaona Acropora zimejaa juu ya mwamba mahali ambapo bamvua kubwa ikipwa ncha zake hutokeza hewani, kwa hiyo zinastahimili jua ambalo lingeua matumbawe mengine. Shuka mita tano na rangi nyekundu imeshapotea karibu yote, kwa sababu maji huila mapema. Shuka mita kumi na tano na kila kitu ni buluu, lakini chini ya vijiwe vilivyoinama bado unakuta matumbawe yenye polipu kubwa yakiwa yamenona. Hiyo buluu mnayoiona kwenye picha haikubuniwa na wenye viwanda. Hata jamii moja ya tumbawe hubadilika kulingana na mahali, kwani lililo kivulini huongeza rangi za mwani wake na kuwa la kahawia iliyokolea, na lililo juani huzipunguza na kung'aa zaidi. Mabadiliko hayo huchukua wiki, si siku, na ndiyo maana ninaamini asilimia 5 kwa wiki ni ushauri wa busara.

Neno moja kwa ndugu yetu kwa kuwa ana watu Pemba. Usimwombe mtu akuvunjie kipande mwambani akutumie. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali, na mwamba wetu bado unajiponya tangu joto la bahari la 1998 lililopausha matumbawe. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, navyo vimeshazoea taa.

Umeme Pwani alijibu:

Mimi ni fundi umeme, Mombasa, na nina tangi dogo. Nazungumzia mambo mawili tu.

La kwanza ni hesabu. Mirija minane ya wati 54 ikiwaka saa 9 kwa siku inakula yuniti 3.9, yaani karibu 117 kwa mwezi. LED mbili za wati 100 zinakula 54. Tofauti hiyo si ya bili ya taa peke yake, kwa sababu umeme wote unaoingia kwenye taa mwishowe unakuwa joto, na kwa Muscat mwezi wa sita joto hilo utalilipia mara ya pili kwenye mashine ya kupoozea maji na mara ya tatu kwenye kiyoyozi cha sebule. Ukijumlisha hayo na gharama ya mirija, ile bei nafuu ya fremu haidumu.

La pili ni usalama, na hili halina mjadala. Mvuke wa chumvi huganda juu ya kila kitu kilicho karibu na maji. Huziba feni za LED, huingia kwenye soketi, na siku moja huunganisha waya zisizotakiwa kuungana. Waya wa taa ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande tena, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kufuata waya mpaka ndani, na saketi ya tangi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Futa lenzi kila wiki kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, maana ukoko mweupe hupunguza mwanga kimyakimya, na siku ukiufuta ghafla baada ya miezi mitatu unakuwa umeyamwagia matumbawe jua jipya.

Mpemba wa Ruwi aliandika tena:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, na suala la Pemba nimelisikia, ndugu Mzamiaji, halitatokea.

Yamebaki maswali mawili kwa Fundi. Je, programu ya simu ya kupimia mwanga inaweza kunipa PAR, angalau kwa kukadiria? Na vipi kuhusu ile buluu inayomkera mama watoto?

Fundi wa Maji Chumvi alijibu:

Simu hupima kwa luksi, na luksi ni ndugu wa lumeni, kwa hiyo chini ya taa yenye buluu nyingi itakuonyesha namba ndogo wakati matumbawe yanaungua. Ndilo kosa langu la 2017 kwa njia nyingine. Kifaa cha kweli cha PAR chenye kihisio cha kuingia majini ni ghali, lakini unakihitaji kwa saa moja tu, kwa hiyo muulize mwenye duka au wafugaji wenzako wa hapo kama kuna wa kukuazima au kukukodishia. Pima mahali kumi hivi, juu ya kila jiwe, ubavuni na mchangani kwenye pembe nne, kisha andika namba hizo kwenye mchoro wa tangi. Mchoro huo ndio utakaokuambia kila tumbawe likae wapi.

Kuhusu rangi, mama watoto ana haki yake na matumbawe hayatapinga. Buluu tupu hutufurahisha sisi kwa sababu protini za tumbawe hung'aa chini yake, lakini ukiongeza nyeupe mpaka mwanga ufanane na maji ya mita tatu au nne hayapungukiwi na cho chote. Taa nyingi za LED zina chaneli za buluu na nyeupe zinazojitegemea. Panga saa 8 za mwanga kamili, na saa moja ya kupanda asubuhi na moja ya kushuka jioni, kisha giza. Usiache buluu ikiwaka usiku kucha. Na utakapofikia nguvu ya Acropora, kumbuka kwamba mwanga mwingi huongeza kasi ya kujenga mifupa, kwa hiyo kalisi na alkalini za maji, ambazo ndizo malighafi ya mifupa hiyo, zitashuka haraka kuliko ulivyozoea, na uzipime kila wiki.

Mpemba wa Ruwi aliandika tena:

Nimezungumza na mwenye duka leo baada ya alasiri. LED mbili nitazichukua mwisho wa mwezi, zenye lenzi pana, na amekubali kuja nyumbani na kifaa chake cha PAR siku ya kuzifunga. Sebuleni tumekubaliana kwamba baada ya magharibi chaneli nyeupe ndiyo itakayotangulia. Mchoro wa tangi nimeshauchora kwenye karatasi, na mahali kumi pa kupimia nimepatia alama.