Wahudumu wa afya wakigoma: wanadai nini hasa, na wagonjwa huishia wapi?

Mdadisi
Wakuu, kila mgomo wa wauguzi au madaktari ukitangazwa tunasikia "mishahara". Ni hilo tu? Na aliyepangiwa upasuaji au aliye katikati ya dozi anafanyaje?

Zamu ya Usiku
Mshahara ndio unaotangazwa, lakini ukiisoma notisi ya mgomo utakuta mara nyingi hasira ni ya makubaliano yaliyosainiwa kisha yakafungiwa kabatini. Mgomo wa madaktari Kenya ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100 chanzo chake ni mkataba wa pamoja wa 2013, kati ya chama chao na serikali, ambao haukutekelezwa. Yapo pia malimbikizo, kupandishwa daraja, glavu kukosekana, na muuguzi mmoja kuachiwa wodi nzima usiku. Hilo la mwisho halimalizwi na nyongeza ya mshahara, linataka ajira mpya.

Mizani
Shirika la Kazi Duniani huihesabu hospitali kuwa huduma muhimu, kwa hiyo mgomo unaweza kuwekewa mipaka au hata kuzuiwa. Sharti lake: wafanyakazi wapewe usuluhishi huru na wa haraka. Waajiri huikumbuka sana ile sehemu ya kwanza!

Kuhusu wagonjwa, siku za notisi ndizo za kupanga zamu za lazima: mapokezi ya dharura, wodi ya wazazi, mahututi, watoto njiti, kusafisha damu. Wengi husahau kwamba kada moja tu ikitoka yote hukwama. Daktari wa upasuaji yupo, wa nusu kaputi hayupo: mama anayehitaji kupasuliwa hapasuliwi.

Zamu ya Usiku
Sahihi. Na wanaoumia kimyakimya ni wale wasiofika na king'ora. Mwenye figo husafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, akikosa mara mbili tatu maji na potasiamu humjaa, moyo unaweza kusimama. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6, na kuyakatizakatiza hufungua mlango wa usugu, yaani vijidudu kutosikia dawa. Wenye VVU, presha na kisukari walio imara wapewe mapema dawa za miezi 2 au 3. Ni kazi ya siku chache kama stoo ina dawa.

Mdadisi
Mgomo ukiisha je?

Mizani
Angalia hati ya kurejea kazini. Iseme malipo yatatoka tarehe ipi na nani ameidhinisha, siku za mgomo zitalipwa au la, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kushiriki. "Serikali italishughulikia" bila tarehe ni notisi nyingine inayosubiri kuandikwa.

Foleni ya upasuaji nayo haiishi kwa kuongeza saa tu. Hukwamia kwenye damu, vifaa vilivyotakaswa na vitanda. Wagonjwa wapangwe upya kwa ukali wa ugonjwa, saratani zitangulie, wala si kwa tarehe za zamani.

Chanjo ndiyo inayochelewa kuonekana. Surua huzuiwa pale walau 95% ya watoto wanapopata dozi zote 2, kwa hiyo pengo la leo huweza kuzaa mlipuko miezi kadhaa baadaye. Rejesta ifunguliwe wiki ya kwanza na waliokosa wafuatwe majumbani, wasisubiriwe kliniki.