Naomba ushauri: tuchukue mkopo wa halmashauri au tusubiri?

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nauza mitumba hapa Soko la Kilombero Arusha, biashara tangu mwaka jana imelala kweli kweli. Sasa diwani mmoja anayeutaka umeya alipita kwetu juzi akasema hela ipo njiani, uwanja wa Afcon 2027 unajengwa kule Olmoti, wageni watajaa, kwahiyo tuunde vikundi tuchukue mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, si mnajua ile, 4 akina mama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na riba hakuna. Anaongea vizuri jamani, ila meya anapigiwa kura na madiwani wenzake sio sisi, ndo maana najiuliza anatuahidi sisi ili iweje.

Kikundi tunacho, tuko wadada watano, wenzangu wanataka tufungue msosi karibu na uwanja. Mi naogopa, mashindano yakiisha nani atakula huko? Na mmoja akigoma kurejesha tunabanwa wote. Waliowahi kuchukua huu mkopo nisaidieni, marejesho yanaanza haraka au wanakupa muda kwanza? Na kama ni nyie mngehamia Olmoti au mngebaki Kilombero na mitumba yenu?