Mjadala: Pasi za Epic na Ikon zinamsaidia au zinamkamua mtelezaji wa theluji wa kipato cha kawaida Colorado?

Mleta mada, Aurora

Wadau, tiketi ya siku moja ya kuteleza kwenye theluji ikinunuliwa dirishani (siku yenyewe, pale mlimani) kwenye mlima wa Vail siku za msongamano imeshapita dola 300. Pasi ya msimu mzima ya Epic, yaani kadi moja ya kuingilia milima mingi, inayomilikiwa na kampuni ya Vail Resorts, ilifunguliwa kwa dola 1,051 kwa msimu wa 2025/26. Ikon, ya kampuni ya Alterra, ikafunguliwa kwa dola 1,329. Maana yake ni kwamba siku nne za dirishani zinazidi bei ya Epic nzima.

Hiyo siyo bahati mbaya. Bei ya dirishani imepandishwa makusudi ili watu walipe mwezi wa nne au wa tano, theluji ya msimu ujao ikiwa bado haijaanguka. Anayefanya kazi ghalani au hospitalini kwa zamu, ambaye Aprili hajui ratiba yake ya Januari, ndiye anayelipa bei kali kuliko wote. Na sehemu kubwa ya milima hii iko kwenye ardhi ya umma. Vail, Breckenridge, Keystone, Copper na Arapahoe Basin zote zinaendeshwa kwa kibali ndani ya msitu wa taifa wa White River. Kampuni hulipa serikali kuu ada ya takriban asilimia 1.5 hadi 4 ya mapato yanayohusika. Mwenye ardhi ni mwananchi, halafu mwananchi huyohuyo anawekewa bei ya kumfukuza.

Msimamo wangu: mfumo huu unamkamua mtu wa kawaida, na mwenye bajeti ndogo aupe kisogo, aende milima inayojitegemea, isiyo kwenye pasi hizi.

Mchangiaji, Silverthorne

Mkuu, hapo nakupinga. Kabla ya Epic kuanza mwaka 2008 kwa dola 579, pasi ya kuteleza Vail msimu mzima ilikuwa ya watu wenye pesa. Kwa msimu wa 2025/26 Epic Local, ile ya daraja la chini, ilifunguliwa kwa dola 783. Piga hesabu: ukienda siku 6, kila siku imekugharimu dola 130 na senti 50. Siku 12, kama dola 65. Siku 20, dola 39. Kwa dola 39 huingii mlima wowote mkubwa wa Colorado kwa tiketi ya dirishani.

Swali la kwanza kwa mwenye bajeti ndogo ni siku ngapi atateleza kweli. Msimu ni kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili, wikendi ishirini na kidogo. Toa za Novemba, kwa sababu njia zilizo wazi ni chache, theluji ni ya mashine, na watu wote wamebanwa kwenye mteremko mmoja au miwili. Toa za sikukuu, toa za zamu, toa za barabara kufungwa. Ukibaki na siku 5, usinunue pasi ya msimu. Nunua Epic Day Pass: unachagua siku 1 hadi 7, na bei inategemea idadi ya siku, kundi la milima, na kama unataka kuteleza hata sikukuu. Ukibaki na 8 au zaidi, Epic Local imeshaanza kukulipa. Ila mauzo hufungwa mapema Desemba. Akili ikikujia Januari, umebaki na tiketi za siku tu.

Mchangiaji, Colorado Springs

Hesabu ya Silverthorne ni sahihi ila haijakamilika. Epic Local ina siku 10 tu za kugawana kati ya milima ya Vail, Beaver Creek na Whistler (ya Kanada), na sikukuu kubwa hazimo. Kwa pasi zote za daraja la chini, soma kwanza orodha ya siku zilizofungwa: wiki ya Krismasi, wikendi ya Martin Luther King Januari, wikendi ya Marais Februari. Hizo ndizo siku ambazo mzazi mwenye watoto shuleni ana nafasi. Pasi ya bei nafuu inayofungwa siku zako za mapumziko ni pesa imelala.

Halafu ongeza barabara. Breckenridge ni kama kilomita 130 kutoka Denver, Vail inazidi 150. Jumamosi asubuhi barabara ya I-70, inayotoka Denver kwenda milimani, inajaa kuanzia Floyd Hill hadi kwenye mahandaki ya Eisenhower. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, kati ya Morrison na Dotsero sheria inataka tairi zinazofaa theluji zenye kina cha kashata kisichopungua inchi 3/16, karibu milimita 5, au uwe na minyororo. Faini inazidi dola 130, na ukiziba barabara inazidi dola 650. Tairi zilizochakaa zinaweza kula akiba yote uliyoipata kwenye pasi.

Mchangiaji, Boulder

Naunga mkono mleta mada kwenye bei, simuungi mkono kwenye suala la ardhi. Loveland, mlima unaojitegemea, nayo iko kwenye msitu wa taifa, Arapaho, kwa kibali cha aina hiyohiyo, na inauza tiketi kwa bei ya chini mno ukilinganisha na Vail. Kwa hiyo kibali pekee hakipandishi bei. Idara ya Misitu haipangi bei ya tiketi, na wanaotaka iipange waeleze watafanyaje na milima midogo ambayo mwaka mbaya mmoja wa theluji unaweza kuiangusha.

Na tusisahau Winter Park. Mlima ule ni mali ya jiji la Denver tangu ulipofunguliwa mwaka 1940. Alterra ni mwendeshaji tu. Kama kuna mahali wakazi wanaweza kudai bei ya wakazi, ni pale, kwa sababu mwenye mali ana baraza la jiji linalochaguliwa kwa kura. Madai hayo yana mlango wa kubisha. Kupiga kelele kuhusu Vail hakuna.

Mleta mada, Aurora

Boulder, nakubali hoja ya Winter Park. Ila mnaosifu pasi nafuu mtazame kilichotokea pasi ziliposhushwa bei. Mwaka 2021 Vail Resorts walipunguza bei kwa asilimia 20, wakauza pasi zaidi ya milioni 2.1 kwa msimu wa 2021/22. Wafanyakazi hawakutosha. Stevens Pass, jimbo la Washington, sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa na watu zaidi ya 40,000 wakasaini malalamiko. Msimu uliofuata kampuni ikapandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 20 kwa saa. Kisha mwishoni mwa Desemba 2024 walinda usalama wa mlima wa Park City, Utah, waligoma karibu wiki mbili, katikati ya sikukuu, na wenye pasi wakasimama kwenye foleni ndefu huku lifti nyingi za kupandisha watu mlimani hazifanyi kazi. Pesa ilishachukuliwa miezi minane kabla. Mwenye tiketi ya siku angegeuza gari.

Mchangiaji, Silverthorne

Hilo la Park City sina la kulipinga. Fidia ya Epic inayokuja na pasi inahusu mambo kama kuumia au kupoteza kazi, foleni haimo.

Mchangiaji, Lakewood

Mnazungumza bei tu, na anayetumia ubao mmoja wa theluji (snowboard), miguu yote miwili ikiwa imefungwa juu yake, ana shida ambayo mwenye ski, zile mbili nyembamba, hana: sehemu tambarare. Mwenye ski anasukuma kwa fimbo, mwenye ubao anafungua mguu wa nyuma na kujikokota. Kwa anayeanza, hilo linakula nusu ya siku na nguvu zote za mapaja. Njia za kuunganisha vilele pale Breckenridge zina vipande vya namna hiyo, na Village Way pale Winter Park ni ndefu na karibu tambarare kabisa. Suluhisho ni kasi: ubao uwe na nta mpya inayolingana na baridi ya siku, na usisimame kabla ya kipande kile.

Copper kwa maumbile yake imejipanga vizuri: upande wa magharibi ni miteremko myepesi, katikati ya wastani, mashariki migumu. Anayejifunza hajikuti ghafla kwenye mteremko wa kutisha. Ikon Base, ile Ikon ya daraja la chini, iliyofunguliwa kwa dola 909 kwa msimu wa 2025/26, inakupa Copper na Winter Park bila kikomo cha siku. Loveland ina eneo la wanaoanza, Loveland Valley, lililojitenga na mlima mkuu, na maegesho ni bure. Iko upande wa Denver wa mahandaki, kama kilomita 90 tu, hivyo foleni ya kuvuka unaikwepa. Ubaya wake ni upepo: sehemu kubwa iko juu ya mstari wa miti (kimo ambacho miti haioti tena), na Januari upepo unapiga hadi theluji inakuwa ngumu, kingo za chuma za ubao hazishiki. Keystone wana taa za usiku, na kwa mtu wa zamu ya asubuhi hilo lina thamani kuliko siku 10 za Vail.

Kwa asiye na gari zuri, basi la Snowstang linatoka Denver hadi milima kadhaa, na treni ya Winter Park Express inatoka Union Station na kushusha abiria chini ya lifti. Boulder wana basi la NB la RTD, shirika la usafiri wa umma la eneo la Denver, hadi mlima wa Eldora.

Mchangiaji, Colorado Springs

Lakewood amegusa penyewe. Niongeze vifaa, maana huko ndiko wanaoanza wanakokamuliwa kimyakimya. Usikodi mlimani kila siku. Kodi ya msimu mzima mjini, Septemba au Oktoba, mara nyingi inarudisha gharama yake baada ya siku nne au tano.

Ukinunua ubao uliotumika, upindue kwanza. Pitisha kidole (ukivaa glavu) kwenye kingo za chuma zote mbili: zikiwa zimepasuka au zimeachana na ubao, acha. Mkwaruzo kwenye plastiki ya chini unazibika, lakini ukiona mbao ya ndani, maji yameshaingia. Jaribu skrubu kwenye kila tundu la kufungia vishikizo vya viatu. Tundu lililolika halina dawa ya bei nafuu. Kagua pia mpangilio wa matundu: mbao nyingi zina ule wa nne kwa nne au wa mbili kwa nne (sentimita kati ya matundu), ila za Burton nyingi zina mfereji mmoja katikati, na si kila kishikizo kinaingia. Mguu ukizidi saizi 11 ya Marekani, tafuta ubao mpana, la sivyo vidole vitakwangua theluji kwenye kona na utaanguka bila kujua kwa nini. Viatu nunua vya kukubana vizuri, kisigino kisinyanyuke ukikunja magoti. Helmeti iliyotumika usinunue kabisa.

Mchangiaji, Boulder

Na wenye watoto: Epic SchoolKids inawapa watoto wa Colorado wa chekechea hadi darasa la 5 siku 4 za bure kwenye kila mlima wa Vail Resorts ulio jimboni. Lazima wasajiliwe mapema, kabla baridi haijaanza. Mleta mada, hata anayeipa kisogo Epic asiwanyime watoto hizo.

Mleta mada, Aurora

Hizo nawachukulia watoto. Msimamo wa bei ya dirishani uko palepale, na nataka Silverthorne ajibu moja: kampuni ikishajaza mlima kwa pasi zilizolipwa Aprili, ni nini kinachoizuia kuuza hata tiketi mia kwa siku kwa bei ya Loveland?

Mchangiaji, Silverthorne

Hakuna kinachoizuia isipokuwa hofu kwamba mwenye pasi ataahirisha kununua mwakani. Tiketi za siku tayari wanaziwekea kikomo tangu msimu wa 2022/23, kwa hiyo mfumo wa kuzihesabu upo.