Familia ya Himbi 🙏

[21:14] Mama mukubwa: Mangaribi njema familia. Leo siku ya tatu simu ya Baraka haipiti. Alisema anatafuta fromaji (jibini) Masisi, atalala Sake. Saa tatu na nusu tuombe, kila mutu mu nyumba yake. Zaburi 121.

[21:16] Papa Musafiri: Amina. Ule mustari wa 8, utokapo na uingiapo.

[21:41] Mama mukubwa: Kuna namba siijui inanisumbua mu maombi. Nimeikata mara ine. Ni wale wezi wa ku simu, "franga zangu zimeingia kwako, rudisha"

[21:43] Neema: Mama mukubwa POKEA!! Baraka ameniandikia sasa hivi na simu ya mutu wa pikipiki. Anasema mama ananikatia

[22:02] Mama mukubwa: 😭😭 Ni yeye. Simu yake ilianguka mu muto. Baraka mwenyewe iko Sake, kesho asubui anafika. Na fromaji iko nayo.

[22:04] Papa Musafiri: Wewe uko kama lile kanisa la Matendo 12. Petro iko gerezani, minyororo mbili, askari wawili. Wanamuombea usiku. Anatolewa, anagonga mulango, Roda anakimbia kuwaambia. Wanamujibu: una wazimu!

[22:05] Neema: 😂 Roda alau alijua sauti. Mama mukubwa alikata mara ine

[22:06] Mama mukubwa: Municheke tu

[22:11] Yaya Furaha: Nafurahi sana, Mungu asifiwe. Ila ile sura iko na mustari wa 2. Yakobo, ndugu ya Yohana, Herode alimuua na upanga. Sizani hawakumuombea yeye. Mama Riziki hapa kwa jirani, mwana wake ni mwezi muzima kimya. Jumapili mukisimama na ushuhuda, yeye atakuwa amekaa nyuma yenu.

[22:15] Papa Musafiri: Hapo sina jibu, Furaha.

[22:19] Mama mukubwa: Hata mimi nilimuwaza, nikiwa nalia ku simu. Ushuhuda ungoje. Kesho naenda kwake na kipande ya fromaji, tuombe sisi wawili.

[22:20] Yaya Furaha: Ntaleta sombe. Hajapika tangu juzi

[22:27] Mama mukubwa: Namba ingine inapiga. Napokea

[22:27] Neema: ??

[22:29] Mama mukubwa: Ni wale wezi 😂